Radi ya Ngulyati na Fimbo Zangu za Gofu

Mimi ni mchezaji wa gofu wa kulipwa, na kwetu ni Ngulyati, jirani na Bariadi mjini. Watu wakisikia mambo hayo mawili kwa pamoja hudhani nimekosea kusema. Kwetu hakuna uwanja wa gofu. Kuna pamba, mahindi, choroko na ng'ombe. Gofu niliijulia kaskazini, nilikopelekwa kusoma sekondari nikiishi na mama mdogo, ambaye alikuwa mpishi kwenye klabu moja ya mchezo huo. Nilianza kwa kubeba mabegi ya wachezaji wakati wa likizo, nikaishia kubebewa la kwangu. Sasa ndiyo kazi yangu. Nairobi, Kampala, Lusaka, popote ninapoalikwa naenda.

Mwaka mama alipovunjika nyonga nilirudi nyumbani kumuuguza. Baba alishafariki na mama alikuwa akiishi peke yake. Mbele yangu kulikuwa na mashindano makubwa ya wanawake Kampala, na mchezaji asiyepiga mipira kwa wiki kadhaa huanza kuwa mtu wa kawaida. Jirani yetu, mzee mwenye eneo la malisho nyuma ya nyumba yetu, akaniruhusu nifanyie mazoezi humo.

"Mradi usinitobolee ng'ombe," akaniambia akicheka.

Basi kila mchana, mama akilala, nilichukua begi langu nikaenda kupiga. Wanawake waliotoka shambani walisimama kuniangalia. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa hapo unawinda nini?"

Mvua za kwanza zilipoanza, jirani akafunga maksai wake akaanza kulima kipande cha shamba kilichopakana na malisho. Siku ile mawingu yalitokea upande wa ziwa, kule Nassa, meusi na ya chini. Niliposikia ngurumo ya kwanza nilitupa fimbo chini nikakimbia. Sikuwaza. Viwanjani ndivyo tulivyofundishwa: ngurumo ikisikika king'ora hulia, na kila mtu, hata anayeongoza, huacha mpira wake ulipo akaenda kujificha. Mtu aliyesimama uwandani na chuma mkononi hana ujanja mbele ya radi. Mimi hiyo radi naiogopa kuliko wote ninaocheza nao.

Nilipofika kwenye kona ya boma letu niligeuka nikamwona jirani bado anafuata plau.

"Baba! Waache ng'ombe! Toka hapo!" nilipiga kelele. "Toka!"

Alisimama, akaweka mkono sikioni. Hakunisikia. Akaacha plau akaanza kuja upande wangu ili asikie ninachosema. Alikuwa katikati ya malisho radi ilipopiga. Sikusikia mlio kama mlio, nilihisi kama nchi nzima imepigwa kofi. Nilipofumbua macho, maksai wote wawili walikuwa wamelala wamekufa na nira yao shingoni, na mzee amekaa chini kwenye nyasi, ameshika kichwa.

Mimi na majirani waliokuja mbio tulimbeba hadi kwake. Alikuwa mzima, ila alikuwa hasikii kitu. Ukimsemesha alikutazama mdomo tu.

Kwetu wapo wengi wasioamini kwamba radi hupiga yenyewe. Inatumwa, na aliyeituma ana jina na nyumba. Siku mbili tatu hivi nilikuwa bado najidanganya kuwa watu wana huzuni tu. Halafu nikaenda bombani. Nikawasalimu wanawake niliowakuta, "Mwangaluka," na hakuna aliyeitikia. Mmoja akasogeza ndoo yake isigusane na yangu. Nikiwa naondoka nikasikia nyuma yangu, "Vyuma vile ndivyo vinavyoiita."

Nikarudi nyumbani na nusu ndoo ya maji. Sikujiogopea mwenyewe. Mimi ni kijana, nina miguu, ningeweza kupanda gari nikaenda zangu. Nilimwogopea mama. Ni mjane, anaishi peke yake, macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Tangu nikiwa mdogo nimesikia yaliyowapata wanawake wazee wa namna hiyo, walioitwa wachawi wakauawa usiku, kwa maneno madogo kuliko haya. Nilimkuta amekaa kitandani anachambua choroko kwenye ungo, nikashindwa kumwambia.

"Wameshaanza kusema?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Wameanza, mayu. Twende tukae Bariadi. Leo hii."

"Nikitoka leo watasema nimekimbia. Hapa nitarudi lini tena?"

Kuanzia hapo sikumwacha peke yake hata kwa kwenda chooni. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na kwetu, nilisimama mlangoni mpaka ipite. Fimbo zangu nilizisukuma chini ya kitanda, kisha nikazitoa, maana niliona kuzificha ndiko kutakakotuponza.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao katika darasa la shule ya msingi. Alikuja yeye mwenyewe kutuambia, na jambo hilo lilinipa nafuu kidogo, kwamba bado kuna mtu anayetaka mambo yasemwe mchana. Mama alipakizwa kwenye baiskeli nikaisukuma. Darasa lilijaa. Sungusungu walikaa mbele, kamanda wao katikati, na begi langu likawekwa juu ya meza ya mwalimu.

Mtoto mkubwa wa jirani, mwanaume mwenye familia yake, ndiye aliyesimama kwanza.

"Mimi nina swali moja tu kwa huyu dada. Radi haijapiga bado, wewe umeshakimbia. Unamwita baba aache ng'ombe. Anaacha, na ng'ombe wanakufa. Ulijuaje?"

Darasa lote likanitazama. Nilisimama nikashika dawati. Nilieleza habari ya ngurumo na king'ora, na kwamba huko ninakocheza sisi wote hukimbia, wanawake kwa wanaume, matajiri na mabalozi, tukajibana kwenye vibanda kama kuku. Wachache wakacheka. Lakini nilisikia sauti yangu inavyotetemeka, na nilijua kwamba anayesema uongo naye hutetemeka vilevile.

"Sijatuma kitu," nikamaliza. "Naogopa. Hata sasa naogopa."

Kamanda akaniuliza kama mama yangu huzishika fimbo hizo. Swali lilikuwa limemfikia mama, kama nilivyohofia. Kabla sijajibu, jirani yetu aliinuka kutoka benchi la nyuma. Masikio yalikuwa yameanza kumfunguka, lakini alisema kwa sauti kubwa mno, kama asiyejisikia.

"Maksai ni wangu. Mbona hamniulizi mimi?"

"Sema, mzee," kamanda akamwambia, kisha akarudia kwa kelele ili asikike.

"Nilimwona huyu binti akikimbia. Kiatu kilimtoka akakiacha. Alikuwa analia. Angekuwa ameituma yeye, angeikimbia ya nini? Mimi niliwaacha ng'ombe kwa sababu sikusikia anachosema, nikamfuata. Ningesikia, ningebishana naye, nikabaki palepale na plau yangu. Mngenizika."

"Baba, wamekuloga wewe," mwanawe akasema.

"Kaa chini!"

Walibishana hadi wakachoka. Mwishowe mwenyekiti akasema mama asiguswe wala asitajwe, na atakayemtaja atajibu kwake. Mimi nikakatazwa kupiga mipira Ngulyati. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na nilipomshika mkono niliukuta umelowa jasho. Kumbe naye alikuwa akiogopa.

Dada yangu akaja kutoka Mwamanyili, alikoolewa, kukaa na mama, nami nikaenda Kampala. Sikucheza vizuri. Mikono ilikuwa mizito, na kwenye mipira ya karibu na shimo, ile ambayo hata mgeni angeingiza, nilikosa mara kwa mara. Siku ya mwisho king'ora kikalia. Tulikimbilia kibandani, mvua ikimwagika, wenzangu wakipiga picha na kula ndizi. Mimi nilipiga simu nyumbani. Iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, nikawa namwomba Mungu kwa sauti mpaka mbeba begi wangu akaniuliza kama nimefiwa.

Ndipo dada akapokea. "Mama yuko nje," akasema, "anabishana na jirani. Mzee ameazima maksai, anataka kumlimia shamba, na mama anamwambia mistari yake imepinda."

Nilikaa chini kwenye saruji nikalia. Mvua ilipokatika nikatoka nikamalizia mashimo yaliyobaki, nikashika nafasi ya katikati, isiyomfurahisha mtu.

Nimeendelea kucheza, na baadaye niliwahi kushinda mahali pengine. Nikirudi nyumbani fimbo nazihifadhi kwa rafiki Bariadi mjini. Mama anatembea tena, taratibu, na amekataa kuhama. Jirani huja kunywa uji kwetu. Mwanawe hajaniitikia salamu mpaka leo, na kila simu ya dada ikiingia saa isiyo ya kawaida, huwa naiangalia kwanza ikiita kabla sijathubutu kuipokea.