Maharage Yasiyoombewa

Ukichanganya harufu ya udi, mafuta ya taa na dagaa wakavu, ukauacha mchanganyiko huo chini ya bati kwenye joto la saa nane mchana, utakuwa umeingia dukani kwa Mzee Nassor bila kuvuka kizingiti. Ukuta wa nyuma wa duka lile ndio uliokuwa ukuta wa uani kwetu, Gongo la Mboto, na harufu hiyo ndiyo niliyolelewa nayo. Mzee Nassor alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Dar, mpole, mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizochongwa vizuri kuliko michongoma ya mtaani. Sisi tulikuwa Wahaya kutoka Bukoba: Baba alikuwa karani bandarini, Mama alifundisha chekechea, na Bibi, mama yake Baba, aliletwa mjini kutibiwa miguu, miguu ikapona, naye akakataa kurudi. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani zilipita juu ya paa letu kwa kishindo, kila mtu akakatiza alichokuwa akisema, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia. Nadhani ndiyo maana watu wa mtaa ule walikuwa hodari wa ubishi. Kila mmoja alipewa muda wa kufikiria hoja inayofuata.

Msimu ninaoukumbuka ni ule wa mvua za vuli nilipokuwa darasa la sita na wakati huohuo naandaliwa kwa kipaimara katika kanisa letu la Kilutheri. Asubuhi nilifundishwa sayansi na Mwalimu Mbwambo, mwanamke mwembamba aliyetuambia kwamba sayansi haisadiki kitu kwa sababu kimesemwa na mkubwa, inakijaribu. Unachukua mimea miwili iliyo sawa kwa kila kitu, unabadilisha jambo moja tu, halafu unatazama. Jioni za Jumamosi nilifundishwa imani na Mwinjilisti Zakaria, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye kila kipindi alikifunga kwa kuuliza nani ana swali, akiwa na uhakika kwamba hakuna. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Mwinjilisti Zakaria. Nilinyoosha mkono nikauliza kama sayansi inaweza kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Wenzangu waligeuka wote kwa pamoja. Mwinjilisti alifungua mdomo, ndege ikapita, akaufunga, na ilipokwisha kupita akasema, "Mwambie baba yako nataka kumwona."

Jambo hilo halikuwa dogo. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa na kutundikwa juu ya kabati likiwa limefunikwa shuka. Mama yangu wa ubatizo alikuwa ameshaaga watu Bukoba. Mwinjilisti alipokuja nyumbani akaeleza kwamba mtoto mwenye mashaka hawezi kupelekwa mbele ya madhabahu, angoje mwaka mwingine, Mama alikaa chini kama aliyesikia habari za msiba. Baba, kwa upande wake, alipenda hoja kuliko ndizi na nyama. Aliniuliza mwalimu wangu wa sayansi anasemaje, nikamweleza habari za mimea miwili. Akampa Mwinjilisti wazo: tupande maharage kwenye makopo mawili, kopo moja liombewe, jingine lisiombewe, tuone. Mama akaruka: "Imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako!" Mwinjilisti akafikiri, na nikaona macho yake yakiwaka pole pole. "Lakini mama, Eliya alifanya hivyohivyo pale Karmeli. Manabii wa Baali upande huu, yeye upande ule. Moto ulishuka wapi?" Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Walikubaliana kwamba kopo la sala likishinda, nitasimama mbele ya darasa nitoe ushuhuda na kipaimara nitakipata. Likishindwa, nitangoja mwaka mwingine. Sikuulizwa maoni yangu, ingawa swali lilikuwa langu.

Aliteuliwa mwamuzi wa haki, na hakuna aliyefaa kuliko Mzee Nassor, ambaye si wa kanisa letu na ambaye mizani yake haikuwahi kulalamikiwa. Alikuja uani akiwa amejifuta mikono, akachagua mbegu za maharage zinazolingana, akajaza udongo uleule kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo la sala tulilifunga uzi mwekundu. Akasema maji atapima yeye mwenyewe kila asubuhi kwa kipimo cha dukani. "Mie siingilii mambo ya Mungu," alisema, "lakini maji yatakuwa sawa." Watu wote wa nyumbani tuliapa kutoliombea kopo lisilo na uzi. Bibi naye aliitikia kwa kichwa, akiwa ameshika ufagio wake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kwa upande wa mbinguni. Kopo la uzi mwekundu lilichipua kwanza, na Mwinjilisti akaanza kutembea mtaani kifua mbele. Kila jioni alikuja kuliombea, akiweka mkono juu ya majani kama anayebariki mtoto, na sauti yake ilivuka ukuta hadi dukani, wateja wakaitikia amina wakisubiri chenji. Kisha, bila sababu niliyoiona, kopo lile lingine likaanza kuja juu. Lilitoa majani mapana, ya kijani kilichoiva, yakatambaa kwenye nondo za dirisha kama yanayotaka kuona televisheni. La sala likasimama. Kisha likawa la manjano. Mwinjilisti akaongeza maombi, akaleta kwaya ya akina mama, wakaimba pambio huku wakipiga makofi mbele ya dirisha letu, na kadiri walivyoimba ndivyo majani yalivyozidi kunyong'onyea. Kijana mmoja aliyekuja kununua vocha aliyatazama akasema, "Aisee, nyie mnaombea ama mnalogea?" Mama alimfukuza kwa mwiko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa namshinda Mungu kwa maharage. Nilitaka jibu, ndiyo, lakini nilikuwa nimelitaka jibu la kuandika ubaoni, siyo jibu la kumfanya Mama anyamaze mezani na Baba, ambaye hakuwahi kushindwa hoja, aache kuzungumzia jaribio lake mwenyewe. Nikitoka shule nilikwenda kwanza dirishani, kabla hata ya kuvua viatu, nikatazama lile kopo la manjano. Mungu si Athumani, watu husema, wakimaanisha kwamba yeye hana upendeleo. Siku hizo nilimwona hana hata haraka ya kujitetea.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Uani palijaa watu kuliko kwenye arusi. Mzee Nassor alikuja na futi yake ya kupimia vitambaa, akapima mmea wa kwanza, akapima wa pili, akarudia kuupima wa kwanza kwa huruma. Haikusaidia. Kopo lisiloombewa lilikuwa limeliacha lenzake mbali kabisa. Mwinjilisti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Safari hii hapakuwa na ndege ya kumwokoa.

Ndipo Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, akasema, "Lingeshindwaje na mie naliombea kila siku?"

"Mama!" Baba alisema.

"Mlitaka nifanyeje? Kila asubuhi nafagia hapa. Kopo moja linaombewa na kanisa zima, linaimbiwa, jingine limetengwa kama yatima. Nimezika watoto wawili mie. Siwezi kupita mbele ya kitu kichanga nisikiombee. Nyie mliapa, mie niliitikia kwa kichwa tu."

Mzee Nassor akakohoa, akavuta ndevu. "Kama ni hivyo, na mie nina neno. Mie siwezi kumimina maji bila kusema Bismillahi. Ulimi wenyewe unasema. Nimeyasomea yote mawili." Mama akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akaeleza kwamba yeye alipoona la sala linadhoofika alikuwa akiliongezea maji kisirisiri, kikombe baada ya kikombe, ili Mungu asiaibike. Mzee Nassor akatia kidole kwenye udongo wa kopo la uzi mwekundu, akakitoa kikidondosha maji. "Mama Kokushubila, hili si shamba la mpunga." Watu wakaangua kicheko. Hata Baba akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa akiomba kopo la pili lipunguze mwendo kidogo.

Mwinjilisti Zakaria akapata uhai tena. "Haya basi, lililoombewa na bibi ndilo lililoshinda! Sala imeshinda!" Baba akamjibu kwamba sala haikushinda wala haikushindwa, kwani hakuna kopo la kulinganisha nalo. Walikuwa wameanza kunyoosheana vidole Mwinjilisti aliponigeukia. "Na wewe Kokushubila? Uliomba?" Nikasema niliomba. "Uliombea lipi?" Nikamwambia ukweli: niliomba yasife yote mawili. Halafu akaweka mkono wake mzito kichwani pangu, kama alivyokuwa akiweka juu ya majani, nikaogopa kidogo nisije nikawa wa manjano. "Mtoto anayewaombea hata wa upande wa pili," alisema, "mie nitamzuiaje?" Gauni likashushwa juu ya kabati. Mama wa ubatizo akaja na senene, wale panzi wa kwetu Bukoba, wa kukaanga, na Mzee Nassor akachangia mchele wa pilau.

Shuleni nilimsimulia Mwalimu Mbwambo yote. Alisikiliza kwa makini ya kitaalamu, akatikisa kichwa. "Jaribio limeharibika," alisema. "Hukumdhibiti bibi."

Nimekuwa mtu mzima, naishi Mabibo, na Bibi tulimrudisha Bukoba akiwa kwenye jeneza, kwa kuwa akiwa hai hakuna aliyeweza kumrudisha. Juzi binti yangu, ambaye naye amefika umri wa maswali, aliiuliza simu swali lilelile nililomwuliza Mwinjilisti. Simu ikamjibu kabla sijamaliza kumenya kitunguu. Ilimpa maoni ya wanaoamini, ya wasioamini na ya walio katikati, kwa adabu sana, bila mtu kulia wala kutishiwa kunyimwa kipaimara. Nilifikiri jinsi swali hilo lilivyotuchukulia msimu mzima wa mvua, likawatoa watu majumbani, likamfanya Mwislamu apime maji ya Walutheri, na bado jibu halikupatikana. Nikamwuliza kama ameridhika.

"Imenijibu," alisema, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. "Lakini yenyewe haijali, mama. Ikisema yupo au hayupo, kwake sawa tu. Wewe unasemaje?"

Nikazima jiko, nikavuta kigoda, tukaanza kubishana.