Mgonjwa wa Husna

Husna ni mtoto wa mdogo wangu, anasoma digrii ya uuguzi wa magonjwa ya akili, mwaka wa tatu. Jumapili tatu mfululizo alikuja kukaa nami Kariakoo, pale ninapopanga viatu vya mitumba kwenye turubai. Alikuja na daftari. Alisema chuoni wametakiwa kuongea na mtu mzima kuhusu maisha yake.

Mimi toka mume wangu Abubakary afariki, hakuna aliyewahi kuniuliza chochote. Basi nikamwaga yote. Nilimweleza jinsi shemeji yangu Sadalla alivyokuja siku ya arobaini na karatasi, akasema ni ya kuhamishia kizimba chetu cha biashara kwenye soko la Mchikichini kwenye jina langu. Kusoma sijui. Nikaweka dole gumba. Kumbe kizimba kilienda kwake, na hadi leo anauzia pale pale, nikipita ananisalimia. Husna aliandika, akatikisa kichwa, akauliza kama nalala vizuri. Nikamwambia, nitalala vipi?

Jumapili ya tatu alitoa fomu. Ilitakiwa chuoni kesho yake, na bila alama ya dole langu kazi yote haipokelewi, atarudia somo. Akashika mkono wangu, akaanza kunipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba.

"Kwanza nisomee," nikasema.

"Mama mkubwa, ni maneno ya kitaalamu tu."

"Na Sadalla alisema hivyo hivyo."

Akasoma kwa sauti ya chini. Mgonjwa, mwanamke, miaka arobaini na saba, mjane. Hapati usingizi. Ana imani isiyo na ushahidi kwamba shemeji yake amemnyang'anya mali.

Nikamuuliza mgonjwa ni nani. Akasema fomu ndivyo ilivyochapwa, kila anayehojiwa huitwa hivyo, nisijisikie vibaya. Nikamwambia hayo ya imani, pale alipokuwa ameweka kidole akisoma, hayakuchapwa, ni mwandiko wake. Akakata, akaandika upya, akanisomea: anadai kwamba shemeji yake amemnyang'anya.

"Hilo liache," nikasema. "Nadai kweli. Ila pale kwenye mgonjwa, andika jina langu, Tatu."

"Siwezi, mama mkubwa. Jina haliruhusiwi. Ni kwa ajili ya kukulinda."

Kunilinda. Nikafuta dole kwa pindo la khanga, nikamgeukia mteja aliyekuwa anajaribu raba.

Husna alilia mbele za watu. Jioni mdogo wangu akanipigia, akasema nimemharibia mwanawe masomo kwa ukorofi, na kama mtoto ameandika nina tatizo, basi labda ninalo. Husna sasa anarudia somo. Amempata Theopista muuza ndizi, ambaye analala vizuri na hana neno na mtu.

Wino ule ulikaa kwenye mistari ya dole langu siku nne. Kila asubuhi niliusugua kwa sabuni ya kipande, nisije nikapita Mchikichini, Sadalla akauona, akadhani nimesaini tena.