Baridi Tuliyoiombea

Kwa wiki tatu bonde letu hapa Montana halikuwa na milima. Milima ilikuwepo, bila shaka, ila moshi wa Moto wa Kettle ulikuwa umeifuta. Huku kwetu mioto hupewa majina kama watoto. Huu haukuwa umelala tangu Julai. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba Jumamosi alasiri wimbi la hewa baridi lingeingia kutoka magharibi, kanisa la Walutheri lilimshukuru Mungu mapema, na mwenye duka akapunguza bei ya feni.

Utabiri haukutuficha kitu. Ulisema baridi itakuja na moshi utaondoka. Ulisema pia kwamba upepo utageuka ghafla na kuvuma kwa nguvu kutoka kaskazini-magharibi, bila mvua ya maana. Kila mtu alisikiliza hadi pale palipomfaa, akazima redio.

Ardis Tveit naye alizima. Alikuwa mjane mwenye umri wa kutosha kutojali, mwenye kundi la ng'ombe weusi na kanuni moja: geti liache ulivyolikuta. Wafugaji wote huku wanaishika kanuni hiyo, lakini wengine huishika kama adabu. Ardis aliishika kama dini. Zamani jirani yake Emil Kuchera, mkulima wa ngano, aliliacha wazi geti lililo kati ya mashamba yao. Fahali wake, mifupa mitupu, akaingia akawapanda mitamba wa Ardis. Ndama walipozaliwa, Ardis aliwaita wote Kuchera. Geti akalifunga kwa seng'enge, mzingo juu ya mzingo, na tangu hapo wawili hao wakikutana posta kila mmoja alizungumza na karani.

Jumamosi asubuhi Ardis alifua mashuka, ayaanike kwenye hewa safi ya kwanza. Alikuwa bado ana vibanio mdomoni wakati mwanamke mmoja wa zimamoto aliposimamisha gari na kumwambia ahame kabla ya alasiri. Ardis alimjibu kwamba moto uko mbali, unakwenda zake kaskazini-mashariki, na isitoshe baridi inakuja.

Yule mwanamke alichora mstari mrefu vumbini kwa ncha ya buti.

“Kichwa cha moto ni hapa mwisho, kidogo tu. Huu mstari wote ni ubavu, na umekuelekea wewe, mama. Upepo ukigeuka, ubavu wote unakuwa kichwa. Hiyo baridi unayoingoja ndiyo itakayouleta.”

Ardis aliuliza habari za ng'ombe. Malori ya mifugo yalikuwa upande wa pili wa kaunti, na yasingefika kabla ya jioni. Mahali pekee pasipo na cha kuungua palikuwa shamba ambalo Kuchera alilipumzisha mwaka ule, udongo mtupu uliotifuliwa hadi upeo wa macho. Ardis alikuwa amezoea kuliita Jangwa la Emil. Alitema vibanio, akaenda kwenye simu.

“Emil.”

“Nani mwenzangu?”

“Unanijua. Nataka kupitisha ng'ombe kwako.”



“Geti si ulilifunga wewe?”

“Nina plaizi.”

“Kwa vidole vyako hivyo? Utamaliza Krismasi. Anza upande wako, nakuja upande wangu.”

Walikata waya bila kusalimiana. Emil alitamka tu kwamba mafundo yale yalifungwa na mtu mwenye chuki nyingi. Ardis akasema waya ndio ulikuwa mwingi, chuki ilikuwa ya kiasi. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Moshi ulining'inia hadi kwenye kofia zao, na majivu yakawaangukia mikononi bila haraka.

Geti likafunguka, na ng'ombe wakakataa kupita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona wazi. Walisimama mbele ya nafasi tupu kwa heshima zote, kama walivyolelewa. Ardis alipanda pikapu yake, akavuka mbele yao, akapiga honi mara tatu ndefu, kama afanyavyo Januari akiwapelekea nyasi kavu kwenye theluji. Wakaja mbio, matumbo yakiyumba.

“Unawadanganya,” Emil alisema.

“Nimejidanganya mwenyewe tangu asubuhi. Wao ni zamu yao.”

Baridi ilifika kama ilivyoahidiwa. Kwanza iligusa shingo, taratibu, kisha ikachukua kofia ya Emil moja kwa moja. Moshi ulijikunja ukaondoka, milima ikarudi yote, safi kupita kiasi, na chini yake moto ukiteremka kwa upana wa bonde zima bila pengo. Uliingia malishoni mwa Ardis kwa mwendo ambao farasi angeuonea wivu. Ulipofika kwenye rundo la marobota ya nyasi kando ya zizi, chakula chote cha majira ya baridi, mwanga wake uliwafikia usoni.

Emil aliinama kwenye dirisha la pikapu.

“Mabua ya ngano ninayo,” akasema. “Si mazuri.”

“Najua si mazuri,” alijibu Ardis.

Hakushuka garini. Ng'ombe walikuwa wameizunguka pikapu pande zote, pua ndani ya bodi tupu, wakingoja.