Mwaridi wa Nyuma ya Bafu

Mwaridi wangu ulikuwa nyuma ya bafu, ukinywa maji ya kuogea, na ulishiba maji kuliko watu wengi wa Newala. Kijiti chake mama yangu alikitoa Masasi, alikokuwa akisugua sakafu za misheni. Alipoolewa huku juu hakuja na kitanda wala sahani. Alikuja na kijiti ndani ya kitambaa kilicholoa. Mawifi walimcheka, wakauliza mwanamke gani huyu anapanda miiba. Mimi nimeurithi mti ule, na mdomo wa mama pia.

Miaka yote hakuna aliyeuulizia. Kisha bustani ya watu wote kule Masasi ikawekwa vigae, na mwaridi wa zamani uliokuwa pale, ule ule mama aliokatia kijiti chake, ukang'olewa kupisha vigae. Vigae vilipokwisha, wakubwa wakakumbuka kwamba ule mti ulikuwa historia. Ndipo afisa bustani akaja kwangu na buti mpya, akaniamkia shikamoo mara mbili, akaomba vijiti vya kupanda. Nikamwambia akate, ila mti aniachie.

Nikaenda msibani Makote, siku tatu. Niliporudi nikakuta shimo. Jirani akaniambia afisa alirudi na watu wa majembe, wakang'oa mti mzima na mizizi yake, na kwamba ameniachia shukrani. Shukrani sikuziona. Shimo nililiona.

Nikateremka Masasi. Mwaridi wa mama nikaukuta katikati ya vigae, umezungushiwa mnyororo kama mfungwa, majani yamejikunja, meupe kama yamemwagiwa unga. Afisa akasema ni ugonjwa wa maua ya kizungu, dawa imeagizwa mbali, tumwombe Mungu. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mikorosho nimeilea tangu sijajua kufunga kanga. Nikamwambia huo ni ubwiriunga, ule ule unaotukaushia maua ya mikorosho kila mwaka, na dawa yake ni salfa.

"Bibi, huu si mkorosho."

"Ungekuwa mkorosho usingekufia mkononi. Kila mpita njia angekufundisha."

Nikamwambia anisubiri alfajiri, nikaenda kulala kwa dada yangu. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga wa dawa ushike, nikarudi na soksi kuukuu ya marehemu mume wangu, imejaa salfa. Ndivyo tulivyotibu miti midogo kabla ya mashine za kupulizia: unakung'uta soksi juu ya majani, basi. Afisa alikuwa ananisubiri, mpole. Sikukung'uta. Nikamwambia kwanza anikatie vijiti vitatu.

"Lakini Bibi, hii sasa ni mali ya umma."

"Basi umma ulete soksi yake."

Akaangalia majani, akaangalia soksi, akatoa mkasi. Matawi nilichagua mwenyewe. Kisha nikakung'uta mpaka vigae vyao vikawa njano, naye akapiga chafya hadi jua likachomoza.

Mti ukapona. Siku ya uzinduzi wa bustani mgeni rasmi aliwashukuru wataalamu wetu kwa utafiti wao wa kina. Afisa akasimama, akapigiwa makofi. Na mimi nilipiga, kutoka viti vya nyuma, kule juani. Hotuba zilipokwisha akanifuata, akauliza vile vijiti vyangu vimefikia wapi.

Viwili vilikufa. Cha tatu kilikuwa na majani matano.

Nikamwambia vimekauka vyote. Akanipa pole, nikaipokea.