Barua Iliyomwamkia Bi Muhuri

Kama hujawahi kusubiri cheti cha kuzaliwa cha mtoto huku mtoto mwenyewe keshaanza shule, basi shukuru na unyamaze. Sisi wengine tumepanga foleni. Na wote tuliopanga foleni katika ofisi ile ya vizazi na vifo tunamjua Bi Muhuri wa dirisha la pili: mwanamke mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, kidole gumba kimeingia wino wa zambarau mpaka kimesahau rangi yake. Jina hilo alipewa na vijana wa ofisini kwa jinsi alivyokuwa akigonga muhuri. Paa! Hata wa mwisho kwenye foleni alijua kuna mmoja kapata.

Lakini sifa yake hasa haikuwa muhuri, ilikuwa majina. Bi Muhuri hakukosea jina la mtu. Ukimletea fomu yenye herufi iliyoruka, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Mwanangu, mtoto huyu atatembea na jina hili mpaka kaburini. Una hakika?" Nimeona wanaume wazima na ndevu zao wakirudi nyumbani kwenda kuuliza upya jina la mtoto wao wenyewe.

Basi serikali ikasema karatasi sasa mwisho. Mihuri ikafungiwa kabatini, kila dirisha likawekewa kompyuta, na kumbukumbu zote za waliozaliwa na waliokufa zikaanza kuhamishiwa kwenye mfumo mpya. Bi Muhuri hakulia wala hakugoma, msije mkamsingizia. Alijifunza. Kwa vidole viwili, lakini alijifunza, na haikuchukua muda akawa anawapita vijana. Kilichomuudhi kilikuwa kimoja tu: mashine haikuwa na adabu. "Ndugu mtumiaji, nywila yako imekwisha muda. Badilisha sasa." Hakuna hujambo, hakuna habari za asubuhi. "Huyu ningekuwa nimemzaa mimi," alimwambia mwenzake wa dirisha la tatu, "angeipata."

Pamoja na mashine akaja kijana wa usalama wa mtandao. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watumishi wasiibiwe nywila, na njia yake ya kufundisha ilikuwa kuwategea. Anatuma barua pepe za uongo, zinazofanana na za wezi, kisha anatazama nani atabonyeza. Watu wakambatiza Mtegaji. Na dunia ilivyo na mizaha, Mtegaji huyo ndiye aliyemwoa binti wa pekee wa Bi Muhuri. Hawakupanga, makao makuu ndiyo yaliyomleta pale kwa mwaka wa majaribio. Kwa hiyo nyumbani ni mkwe na mama mkwe, kazini ni Afisa na Mama, na wakikutana kwenye korido kila mmoja anatazama ukuta wake kwa heshima.

Mkurugenzi, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa la kuchoma, akatangaza kwamba atakayenaswa kwenye mtego, jina lake litabandikwa Ijumaa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu alisome. Bi Muhuri alitikisa kichwa kuunga mkono. Aliwahurumia wavivu na wazembe. Yeye mwenyewe hakujiona humo hata kidogo.

Jumanne, foleni imefika mlangoni, ikaingia barua pepe: "Shikamoo mama. Samahani sana kwa kukusumbua ukiwa kazini. Mimi ni kijana wako wa idara ya utumishi. Naona jina lako limekosewa herufi kwenye mfumo mpya. Naomba ubonyeze hapa, uingize nywila yako, ulirekebishe. Ahsante mama, Mungu akuweke."

Jamani! Miezi yote ile ya "ndugu mtumiaji", leo kumbe mna mtu aliyelelewa humo ndani! "Marahaba, mwanangu," Bi Muhuri akaitikia kwa sauti, hata wa dirisha la tatu akageuka kuona nani kaja. Kisha akarudia kile kipande cha jina kukosewa. Jina lake yeye? Yeye aliyewanyoosha wengine maisha yake yote? Akaingiza nywila, akabonyeza kwa nguvu zile zile alizokuwa akigongea muhuri.

Kioo kikawa chekundu. "Pole. Huu ulikuwa mtego wa majaribio."

Masikio yalimwaka moto. Akazima kioo, akamwambia mama aliyekuwa mbele yake asubiri kidogo, akaenda kunywa chai ambayo wala hakuinywa. Hakumwambia mtu. Siku mbili zile alitembea kama mwenye jino bovu, anaogopa kuguswa. Alijua fika Ijumaa itakuwaje: wale aliowasahihisha miaka yote watasimama mbele ya ubao, watasoma jina lake, na halitakuwa na herufi hata moja iliyokosewa.

Alhamisi jioni mkwe akaja nyumbani, amebeba papai, na mkewe nyuma yake. Akaamkia, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaanza kuikagua sakafu.

"Mama," akasema hatimaye, "ile barua niliituma kwa watumishi wote. Sikukulenga wewe. Ni kwamba mwizi wa siku hizi anaanza na adabu."

"Naam. Nimemwona."

"Mmenaswa watu kumi na wanne. Orodha bado ninayo mimi, mkurugenzi hajaiona." Akaliweka papai mezani. "Naweza kulitoa jina moja. Hakuna atakayejua."

"Mama, mwache alitoe," binti akadakia. "Kwani ni dhambi? Umebakiza kidogo ustaafu, uende na heshima zako."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu Bi Muhuri mwenyewe hakuuficha: alitamani. Alitamani kweli kweli. Alilitazama papai lile muda mrefu, mpaka mkwe akadhani limeoza.

"Baba," akasema, "miaka yote nimeandika majina ya watu. Sijawahi kufuta la mtu kwa sababu ana mkwe ofisini. Nianze na langu? Hapana. Kesho liache pale lilipo. Wewe kula papai, acha kutetemeka."

Ijumaa watumishi wakakusanyika ukumbini, mkurugenzi kashika karatasi mkono mmoja na pini mkono wa pili. Kabla hajafika kwenye ubao, Bi Muhuri akanyanyuka.

"Mkurugenzi, nikuondolee kazi ya kwanza. Mimi nimo. Niliamkiwa, nikaitika. Si kwa moyo, kwa mdomo! Muulizeni dirisha la tatu. Nilimwambia mwizi marahaba, kisha nikamkabidhi ufunguo."

Mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho si kikohozi, na ukumbi mzima ukapasuka. Walicheka mpaka dereva akashika ukuta. Bi Muhuri akacheka nao, na alipoona wametulia akaufunga uso.

"Mmeshacheka? Haya, sikilizeni. Nilipoona chekundu nilifanya nini? Nilizima kioo nikaenda chai. Siku mbili nimenyamaza. Kwa nini? Kwa sababu ya hiyo karatasi. Sasa mwizi yule angekuwa wa kweli, katika siku mbili angeua watu wangapi humo ndani, na angezalisha wangapi? Wazee walisema mficha uchi hazai. Wakasema pia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na sisi hapa tunaandika vizazi na vifo, vyote viwili, kwa hiyo hatuna pa kukimbilia. Mkurugenzi, bandika ukitaka. Lakini ukibandika hiyo, hutasikia tena mtu akisema amenaswa. Utaambiwa na mwizi mwenyewe."

Mkurugenzi alivuta tai kama inamkaba. Hakuwa mtu wa kugeuza neno lake mbele za watu. Lakini mtunza stoo akasimama, akasema hata yeye yumo. Akasimama karani wa masijala. Akafuata dereva, ambaye hakuwa na kompyuta. Alikuwa amebonyeza kwenye simu. Mkurugenzi akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Mwezi mmoja," akasema. "Tujaribu."

Ndipo Mtegaji, kwa mara ya kwanza, akawekewa kiti katikati badala ya pembeni. Wakakubaliana. Ukibonyeza kitu ukakitilia shaka, unapaza sauti hapo hapo ulipo: "Marahaba!" Ukisikia neno hilo, unaondoa mikono kwenye kompyuta, aliye karibu anachomoa waya wa mtandao, na mwingine anapiga simu makao makuu nywila ya aliyenaswa ifungwe. Kumbukumbu zote ziwe na nakala ya akiba, mahali ambapo hapajaunganishwa na mtandao wowote. Na wakati mashine zimezimwa, kazi iendelee kwa mkono. Kucheka ruksa, ila baadaye.

Waliyafanyia mazoezi wakinung'unika. Wiki ya kwanza marahaba zilipigwa kama mnadani. Dereva aliwahi kuusimamisha ukumbi mzima kwa sababu simu yake ilimwambia ameshinda gari. Mkurugenzi akakunja uso, Bi Muhuri akamtetea: bora kelele za bure. Mtegaji akaenda kumwonyesha dereva kosa lilipo, akamshukuru kwa kupiga kelele. Ninyi mliopita foleni siku zile mkadhani watumishi wamerukwa na akili, ndiyo habari yenyewe hiyo.

Mwezi ukaisha, mkurugenzi hakuuliza, na karatasi haikutoka mfukoni.

Ikaja wiki ya mwisho ya kuhamisha kumbukumbu, wiki ya kuchoka. Asubuhi moja Bi Muhuri yuko na bwana mmoja aliyepata mapacha na hakumbuki nani Kulwa nani Doto, mlango wa ndani ukafunguka. Akasimama mkwe wake. Uso umempauka.

"Marahaba," akasema. Kisha akalirudia kwa nguvu, "Marahaba! Ni mimi. Nimebonyeza."

Hakuna aliyecheka. Bi Muhuri alijua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, nywila ya kijana yule ndiyo iliyokuwa inafungua milango yote. Pili, mwaka wake wa majaribio ulikuwa haujaisha, na mtaalamu wa mitego aliyenaswa mtegoni nani atamweka? Akamwona binti yake, akaiona nyumba yao ya kupanga, akaona vyote vinatikisika.

Alivyosimulia kijana baadaye, barua ilifanana kabisa na zile za mkandarasi aliyeleta mfumo, ikimtaka athibitishe uhamisho. Akathibitisha. Ukurasa ukarudi mtupu, akampigia mkandarasi, mkandarasi akasema hakutuma kitu. Na hapa ndipo penyewe: anayekagua nyayo za watu kwenye mfumo ni yeye. Yeye hakuna anayemkagua. Angeweza kujifungia chumbani mwake, akabadilisha nywila kimya kimya, akaomba Mungu. Badala yake alitoka, akaipita korido yote, akaja kusema mbele ya foleni na mbele ya mama mkwe wake.

"Mikono juu!" dirisha la tatu akapiga kelele, na mikono ikatoka kwenye kompyuta. Nyaya zikachomolewa. Katibu wa mkurugenzi tayari alikuwa na simu sikioni. Bi Muhuri akavuta vitabu vya karatasi za nakala kutoka chini ya kaunta, akamgeukia bwana wa mapacha. "Endelea, baba. Aliyetangulia ni yupi?"

Mwizi alikuja. Makao makuu walimwona akijaribu jina la kijana kwenye mlango mmoja, kisha mwingine, akakuta kufuli zote zimeshabadilishwa, akaenda zake. Wakakagua kila kitu, wakalinganisha na ile nakala ya akiba, na mfumo ulipowashwa tena hapakukosekana jina la mtu hata mmoja, wala aliye hai wala aliyekufa.

Haikupita wiki akaja mkaguzi, mama mrefu mwenye mkoba mweusi, asiye na haraka ya kutabasamu. Akaita watu wote ukumbini. Kijana akasimama mbele, kashusha mikono, anangoja.

"Nimezunguka ofisi nyingi," mkaguzi akasema. "Kwingine mwizi anakaa miezi humo ndani, anapika na kupakua, na aliyemfungulia yupo anamjua, kanyamaza. Hapa mmemfukuza kabla hajavua viatu. Mlifanyaje?"

Mkurugenzi akaanza, "Tulikuwa na mkakati wa..." Akaishia hapo, akatazama dirisha la pili. Na hili nampa sifa yake mzee wa tai, kwa sababu halikuwa jepesi kwake. "Muulize yule mama."

Bi Muhuri akatoka nyuma ya kaunta. "Hakuna kubwa, mwanangu. Ni kwamba hapa kwetu aibu hatuibandiki ukutani."

Mkaguzi akaandika. Kisha akafunga mkoba na kumtazama kijana. "Kwa kawaida ningekusimamisha. Lakini mwenye funguo zote anayejitaja mwenyewe mbele ya watu, sijampata mwingine. Nitaandika uthibitishwe kazini."

Ukumbi ukalipuka makofi. Kijana akajifuta uso kwa kiganja, mtu mzima yule, mbele ya watu. Bi Muhuri naye hakuwa na habari na korido wala ukuta. Alikwenda akamshika mkono, na fahari ilimjaa kifuani hata miwani ikapata ukungu.

Mkaguzi akawatazama wawili wale, akashangaa kidogo. "Samahani mama, huyu ni nani wako?"

"Mwanangu," Bi Muhuri akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye foleni. "Nilimpata ameshakua."