Maua Mgongoni mwa Mume Wangu

Kazi yangu Guangzhou ilikuwa kutembea. Wateja walikuja kutoka Dar es Salaam na Unguja kununua madera, nami niliwapokea hotelini kwao Xiaobei, nikawapitisha maduka ya Barabara ya Zhanqian ghorofa baada ya ghorofa, nikawasemea kwa Kichina, kisha nikakimbia kumchukua binti yetu chekechea miguu ikiwa imevimba. Mume wangu alikuwa akisomea uzamivu wa mambo ya udongo. Yeye alikuwa na udongo wake, mtoto alikuwa na nyimbo zake za Kichina, mimi nilikuwa na viatu vilivyoisha soli. Sikuwa na dhiki. Nilikuwa tu nawaonea wivu watu wanaoipenda kazi yao.

Siku moja mdomo ukaniponza. Nilikuwa na mteja dukani kwa mama mmoja wa Kichina, ambaye tukimwita laoban kama tunavyowaita wenye maduka wote. Akatutandazia dera jipya. Nikasema kwa Kiswahili kwamba maua yale yamekaa kama kabichi. Mteja alicheka mpaka laoban akataka atafsiriwe, na mimi mwenye kiherehere nikamtafsiria.

Hakununa. "Pengyou," akaniambia, kwao ndiyo rafiki, "kama unajua maua niletee yako. Ijumaa natuma michoro kiwandani. Yakinipendeza nayachapa. Yasiponipendeza, usizitukane tena kabichi zangu."

Nilitoka pale nimepagawa kwa furaha, nusura nipande ngazi ya umeme inayoshuka. Maana mimi ni mchoraji. Si wa karatasi, wa hina. Kabla sijaolewa, maharusi wa mtaa wetu Unguja wote walipita mikononi mwangu, nikawachora kutoka kucha hadi viwikoni, na mama zao wakalia kwa uzuri wake. Kisha nikaja Uchina, maharusi wakabaki kwao. Nilikuwa sijashika hina kwa miaka minne, na sikuwa nimemwambia mtu kuwa inaniuma.

Nikanunua karatasi na kalamu za rangi. Jumatatu nikachora kabichi. Jumanne nikachora kabichi nyingine, kubwa zaidi. Karatasi haina kiwiko, haina pa kupinda. Ua langu hujua liende wapi kwa sababu mkono wa mtu unalionyesha njia. Jumatano niliikunjakunja ile karatasi ya mwisho nikalia kidogo jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Alhamisi mchana mume wangu alikuwa nyumbani, mtoto yuko shule. Nikamtazama alivyoinama juu ya vitabu vyake, ule mgongo mpana umekaa bure.

"Vua shati," nikamwambia.

Alifurahi, maskini. Kisha akaiona hina, nimeshaitia kwenye karatasi niliyoisokota kama ya karanga.

"Mke wangu, mwanamume mzima nichorwe maua ya biharusi?"

"Ya dera, si ya biharusi."

"Na leo nikifa? Watakaonikosha watasemaje?"

"Watasema mkeo fundi."

Akalala kifudifudi kwenye mkeka, masaa matatu. Nikigusa mbavu anafurukuta, nampiga kofi, anatulia. Begani ana kidoti cheusi ambacho binti yetu hukibonyeza kama kengele kila akibebwa. Nikakizungushia ua moja kubwa kuliko yote, kwa kuwa kilikuwa pale na kuhama hakihami. Nilikuwa naimba. Mkono ulikwenda wenyewe, na mimi nikawa naufuata nyuma kwa furaha.

Kesho yake hina ilikuwa imekolea. Tukaenda Zhanqian.

"Mchoro uko wapi?" laoban akauliza, akinyoosha mkono apokee karatasi.

Mume wangu akaangalia dari. Kisha akafungua vifungo, akageuka.

Wenye maduka ya jirani walijaa mlangoni. Mteja mmoja wa Dar akasema, "Shemeji, kumbe harusi ilikuwa jana, mbona hamkutualika?" Laoban peke yake hakucheka. Akavaa miwani. Akaufuata mstari mmoja kwa kidole, kutoka kiunoni mpaka shingoni, taratibu.

"Xing," akasema. Inafaa.

Akampiga picha mgongoni, akazituma kiwandani palepale. Nilimrukia mume wangu nikamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo sijapata kulifanya hata siku moja, tena yeye hana shati.

Baada ya wiki mbili sampo ya kitambaa ikaja kutoka kiwandani. Niliitandaza kitandani. Maua yangu, kwenye kitambaa, marefu kutoka ukingo hadi ukingo. Nikacheka huku machozi yananitoka. Binti yetu akapanda kitandani, akaweka kidole katikati ya ua kubwa, akabonyeza.

"Baba," akasema.

Akasogea shubiri mbili, akabonyeza tena. "Baba." Na tena. "Baba."

Nikainama. Kiwanda kilikuwa kimefuata picha, hakikuacha kitu. Kila ua kubwa lilikuwa na kidoti cheusi.

Nikampigia laoban. Akasema kuchapa kunaanza kesho, nimwambie sasa hivi, kitoke au kibaki. Mume wangu alikuwa ameshasimama kwenye kioo, amepinda shingo anakitafuta begani.

"Watakivaa wanawake wengi?" akauliza.

"Wengi, inshallah."

Akafikiri kidogo, kisomi. "Basi mwambie akiache."

Mwezi uliopita laoban alinipigia. Wateja wa Kariakoo wanaliulizia dera lile, naye anataka mchoro wa pili, Ijumaa. Mume wangu alikuwa mezani, mtihani wa kutetea tasnifu yake uko wiki inayofuata. Nikamwambia. Aliweka kalamu chini, akaanza kufungua vifungo.