Mbunge Katika Gazeti la Ukutani

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole.

Kwetu ni Lundo, ziwani. Mwaka juzi nilikwenda kukaa kwa mjomba huko Maguu, kwenye kahawa, katika kijiji kipya cha ujamaa. Mwalimu wa elimu ya watu wazima, aliyetoka mkoa mwingine, alikuwa ameanzisha gazeti la ukutani: karatasi kubwa iliyobandikwa kwa uji wa muhogo kwenye ghala la ushirika. Kazi ya kuandika alinipa mimi.

Siku moja mbunge alikuja kulima pamoja nasi. Kule milimani hulima ngoro, yaani mashimo ya kupandia kwenye mteremko. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, wanawake huzifukia kwa udongo. Mbunge hakuwa mtu wa milimani. Alivua koti, akachukua jembe, akaingia mstari wa akina mama na kufukia mpaka akalowa jasho. Halafu akahutubia saa nzima juu ya kujitegemea.

Niliandika: “Mheshimiwa Mbunge alifukia nyasi pamoja na akina mama.” Hotuba niliipa mistari miwili. Nilikuwa mgeni bado, nikaona nimemsifu. Kumbe nilitangaza kwamba amefanya kazi ya wanawake.

“Mke mwenzetu amesharudi Dar es Salaam?” mama mmoja aliniuliza pale ghalani, na wenzake wakacheka.

Mbunge aliporudi kijijini alilisoma gazeti amesimama, mikono nyuma. Akaniita.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Nimesema saa nzima, wewe ukaona jembe tu?”

Mwalimu akanijibia: “Lakini ni kweli, Mheshimiwa. Ulifukia.”

“Kweli ni kweli, mwalimu. Uchaguzi ukija, hawa watakumbuka hotuba au jembe?”

“Jembe, baba!” yule mama akadakia. “Hotuba hatukuisikia, tulikuwa tunakucheka.”

Hata Mbunge alicheka kidogo. Kisha akaagiza karatasi ibanduliwe, na kila gazeti lipite kwanza kwa katibu wa kijiji.

Likawa gazeti la hotuba tupu. Watu waliokuja kupimiwa kahawa waliliegemea kwa migongo, hakuna aliyegeuka kulisoma. Mwalimu alipohamishwa, nilirudi Lundo kuvua usipa.

Mimi naona mbunge yule hakuchukia gazeti. Alitaka liwe kinywa chake. Ninyi wenye magazeti ya namna hii vijijini kwenu, niandikieni: wabunge wenu walipojisoma, walisema nini?